Idrisa kakwama Ruaha Mbuyuni

Kikundi: BARABARA YA 12 NGAMIANI

17:42 Shangazi Mwanaidi: Asalaam aleykum nyote. Idrisa kaharibikiwa na gari Ruaha Mbuyuni tangu saa saba mchana naomba kila mtu asome na ajibu, sio mnasoma mnanyamaza kama ile siku ya bomba la mama

17:43 Shangazi Mwanaidi: Ni safari yake ya tatu tu na utingo alopewa naye mgeni

17:43 Shangazi Mwanaidi: Hamisi uko wapi, wewe ndo dereva humu njoo useme na mdogo wako

17:55 Shangazi Mwanaidi: Naona watu tisa wamesoma

17:58 Jumbe: Pole yake. Ruaha Mbuyuni si ndo kwenye vitunguu?

17:59 Fatu Muheza: Kweli jamani mwambieni aje na gunia huku bei imefika pabaya

18:00 Jumbe: Tanga waja leo waondoka leo, huyu kaondoka leo kakwama leo 😂

18:01 Shangazi Mwanaidi: Jumbe nitakufuata hapo hapo Makorora. Mtoto yuko porini wewe unacheka

18:04 Idrisa: shikamoo shangazi, shikamooni wakubwa wote. sio porini niko karibu na maduka, mlima bado sijauanza. ni busta ya breki, lile kopo la upepo linaloendesha breki, ya tairi la nyuma kabisa la tela, dayafram yaani kiwambo chake cha ndani kimepasuka, upepo unavuja geji inapanda kidogo inashuka na tela limekamata haliendi mbele wala nyuma. nimeweka pembetatu na majani huku nyuma na mawe kwenye matairi

18:05 Idrisa: ila shangazi tatizo sio busta. tatizo ni ofisi

18:09 Idrisa: bosi kanipigia mara kumi na moja tangu saa saba. anasema ziba mpira wa upepo wa hiyo breki, legeza springi uje nayo hivyo hivyo mpaka Tunduma utatengenezewa huko. nikamwambia bosi hapa mbele ni mlima Kitonga akasema madereva wote wanapita hivyo we umefundishwa wapi. halafu anasema anaona kwenye jipiesi gari imesimama na mafuta yameshuka kwa hiyo nimeuza. wallahi sijauza hata kikombe

18:12 Salma: Pole mdogo wangu. Huyo wa ofisini ni nani kwani

18:13 Shangazi Mwanaidi: Si mnamjua. Ndo anayepanga magari pale siku hizi. Baba Nasra

18:21 Ba'mdogo Zuberi: Ujumbe huu umefutwa

18:24 Ba'mdogo Zuberi: Nilisema. Nilisema pale barazani kwa baba, mtoto wetu asiende kula kwa yule bwana. Mkaniambia kazi ni kazi

18:25 Shangazi Mwanaidi: Zuberi sio wakati wake huu

18:27 Ba'mdogo Zuberi: Wakati wake ni upi dada? Yule bwana kamrudisha mwanangu Rehema na mabegi mawili na mtoto mgongoni kesho yake Idd, mtaa mzima unatazama, hata miezi miwili haijaisha wewe ukaenda kwake na sambusa kumuombea Idrisa kazi

18:29 Shangazi Mwanaidi: Nilikwenda kwa sababu Idrisa alikaa na leseni daraja E kabatini mwaka mzima na hakuna hata mmoja humu alomtafutia gari. Na ada ya mafunzo nani kalipa, orodha ninayo mpaka leo

18:30 Jumbe: Orodha ya shangazi nene kuliko daftari la mjumbe wa nyumba kumi

18:30 Shangazi Mwanaidi: Na wewe una elfu kumi humo tangu mwaka juzi

18:52 Hamisi: Nilikuwa Vigwaza kwenye mizani foleni ndefu nimeona sasa hivi. Idrisa upo?

18:52 Idrisa: nipo kaka

18:58 Hamisi: Usizibe. Narudia usizibe hiyo breki. Sisemi watu hawafanyi, mimi mwenyewe nshafanya, gari tupu, barabara ya Msata imenyooka, mwendo wa kutembea. Wewe una tela limejaa. Gari na tela likijaa kisheria mwisho wake tani 56 kwa jumla, uzito wote huo unataka kurudi nyuma ukiwa kwenye kona ya Kitonga, na pale ukikwama mbele yako gari nyuma yako gari na basi la abiria liko katikati. Breki za tela ndo zinakushikilia. Na ukishapanda usidhani umemaliza, Mbeya kuna miteremko inakusubiri

19:03 Hamisi: Halafu acha simu. Simu haina ushahidi. Mwandikie. Gari imesimama saa ngapi, uko wapi, kifaa gani kimekufa na namba yake ilivyoandikwa kwenye busta, fundi wa hapo anataka shilingi ngapi. Na picha: busta, geji ya upepo, kilomita za dashibodi. Mwisho kabisa weka hivi, bosi naomba uniandikie kama unaniruhusu kupanda mlima na breki moja imezibwa. Basi. Usimtukane wala usimueleze shida za nyumbani. Maneno ya mdomo anayakana kesho ila huo mstari hawezi kuukana, hapo utaona sauti inavyobadilika

19:05 Hamisi: Ya mafuta nijibu kwanza. Hapo ulipo gari imelala upande?

19:06 Idrisa: eeh matairi ya kushoto yako chini kwenye mchanga

19:08 Hamisi: Basi ndo hapo. Gari ikilala geji ya tenki inadanganya. Piga picha gari kwa nyuma ionekane ilivyolala, piga na vifuniko vya tenki. Mwambie likikaa sawa lipimwe kwa kijiti mbele ya utingo

19:15 Hamisi: Na jambo moja mdogo wangu hili hakuna atakayekufundisha chuoni. Huyo bwana naye ana anayempigia. Mzigo una siku yake, mwenye mzigo anampigia tajiri, tajiri anampigia yeye, yeye anakupigia wewe. Ukikaa kimya nusu saa kwake yeye umelala au unanyonya dizeli. Kwa hiyo mpe habari kila saa kabla hajauliza hata kama habari yenyewe ni "bado". Mimi mwaka wangu wa kwanza nikiharibikiwa nazima simu, naogopa matusi. Nikaitwa mwizi miezi sita na sikuwa nimeiba kitu. Najua inavyouma ndo maana naandika yote haya na gari iko pembeni hapa Chalinze

19:17 Idrisa: sawa kaka. na akinifukuza

19:31 Shangazi Mwanaidi: Umebeba nini baba?

19:33 Idrisa: chokaa iliyochomwa shangazi, ya mifuko, inakwenda migodini Zambia. turubai limetoboka upande mmoja na huku wingu limefunga

19:34 Hamisi: Wingu???

19:34 Salma: Chokaa si ile ya kupakia msikiti

19:35 Jumbe: Apake na tela ling'ae, askari wakiliona wanadhani jipya

19:36 Fatu Muheza: 😂😂 Jumbe jamani

19:37 Hamisi: Nyie hamjui mnachokicheka. Chokaa ile ikiingia maji inachemka yenyewe, inatoa joto la kuunguza, mifuko inavimba inapasuka. Idrisa hilo ndo uliandike la kwanza juu kabisa hata kabla ya busta. Na ikilowa msiishike kwa mkono mtupu, ikiingia jichoni ni balaa. Tafuteni turubai la kuazima kwa gari lolote lililolala hapo

20:04 Idrisa: nimemtumia kila kitu kama ulivyosema. picha sita. tiki mbili ila hajasoma

20:06 Shangazi Mwanaidi: Haya sasa sikilizeni. Fundi wa hapo anataka laki na themanini na busta yake. Mimi nashauri tuchange usiku huu gari itengenezwe mtoto aondoke pale, ofisi itarudisha baadae. Naanza mimi elfu thelathini. Tumeni kwenye namba yangu ile ile

20:08 Hamisi: Mama hapana

20:08 Shangazi Mwanaidi: Hapana nini

20:10 Hamisi: Gari la tajiri tajiri alitengeneze. Tukilipa leo kesho kila busta ikipasuka ni ya Idrisa. Na hata posho yake ya njia asiiguse kununua kifaa bila neno la ofisi, hairudi hiyo

20:11 Shangazi Mwanaidi: Wewe umekuwa mkubwa eeh. Mwenzio alale njiani kwa sababu ya kanuni zako

20:13 Salma: Nimetuma kumi

20:13 Shangazi Mwanaidi: Ahsante mwanangu. Salma 10. Wengine?

20:19 Shangazi Mwanaidi: Zuberi?

20:20 Ba'mdogo Zuberi: Sitoi pesa kumfaidisha yule mtu. Kama ni nauli ya kumrudisha Idrisa nyumbani nitatoa yote mimi peke yangu usiku huu

20:22 Shangazi Mwanaidi: Basi Rehema ampigie. Wamezaa pamoja hawezi kumkatalia. Rehema mwanangu upo?

20:23 Ba'mdogo Zuberi: Usimwingize Rehema

20:23 Shangazi Mwanaidi: Rehema nakuona uko hewani

20:47 Salma: Babu kasikia yote nimemsomea. Kanambia niandike neno kwa neno nisipunguze

20:49 Salma: "Idrisa mjukuu wangu. Mwaka 1979 mimi niliambiwa ziba nikaziba. Ni mlima huo huo ulio mbele yako. Sadiki akashuka kuweka jiwe nyuma ya tairi. Mnajua wenyewe. Yule alonambia nizibe hata mazikoni hakuja. Likae hapo hapo gari mpaka litengenezwe. Wakikufukuza rudi, chumba chako kipo. Na huyo Rehema asitumwe na mtu, na haya maneno ya mabegi nisiyasikie tena humu."

20:50 Jumbe: Ujumbe huu umefutwa

21:18 Ba'mdogo Zuberi: Sawa baba

21:20 Shangazi Mwanaidi: Sawa baba tumesikia

21:22 Hamisi: Shikamoo babu

21:24 Salma: Anasema marahaba. Kazima taa

22:36 Rehema: Nimesoma yote kuanzia juu. Idrisa, Baba Nasra nimempigia mwenyewe, hajanituma mtu. Nasra ndo alozungumza naye kwanza halafu nikaongea mimi. Nimemwambia afungue ujumbe wako akuandikie asikupigie. Hajasema ndio hajasema hapana, kasema ataangalia. Msiniulize zaidi ya hapo

22:37 Shangazi Mwanaidi: Allah akulipe mwanangu. Na kuhusu pesa hakusema kitu?

22:37 Shangazi Mwanaidi: Rehema?

23:05 Idrisa: kaandika. "simama hapo usiendelee fundi anatoka Iringa asubuhi". nimeupiga picha huo ujumbe. ya mafuta hajagusa. ya mvua kasema nitafute turubai, dereva mmoja wa Mbeya kaniazima ila ni dogo halifiki pande zote. dada Rehema ahsante. betri ya simu inaisha na gari sitaki kuliwasha kuchaji wasije wakasema tena mafuta

23:09 Hamisi: Vizuri. Lala ndani ya gari, wewe na utingo kwa zamu. Dizeli, betri, turubai, hapo usiku watu wanatembea. Na kesho busta mbovu fundi asiondoke nayo, ofisi itaiomba. Risiti iandikwe namba ya gari

23:10 Idrisa: sawa kaka

06:14 Idrisa: kimenyesha usiku sio sana. mifuko saba ya pembeni imeanza kutoa mvuke, tumeishusha kwa koleo na magunia mkononi tukaiweka mbali na gari. utingo kaungua kidogo kidole tumeosha maji mengi sana anaendelea vizuri. nimepiga picha nimetuma ofisini. kimya

06:20 Shangazi Mwanaidi: Ya Rabi. Haya jamani mpaka sasa nina laki moja na elfu tano. Majina ya ambao bado nayajua sitaki kuyataja asubuhi hii

09:40 Idrisa: fundi kafika. kaleta busta namba 24, hii yetu ni 30, haikai. ofisi wanasema kosa langu sikuwaambia namba

09:42 Hamisi: Uliandika namba?

09:42 Idrisa: niliandika. iko kwenye ujumbe wa jana saa mbili na dakika nne na kwenye picha inasomeka

09:43 Hamisi: Mrudishie ule ule ujumbe. Usiongeze hata neno

09:51 Ba'mdogo Zuberi: Dada hizo laki na tano ziko wapi kama tulikubaliana hatuchangi

09:52 Shangazi Mwanaidi: Tulikubaliana na nani? Baba kasema gari likae, hakusema tusichange. Ziko kwangu na haziendi mahali mpaka nijue mtoto anatokaje pale. Na mifuko saba ile wasije wakamkata mshahara, nani atakwenda pale ofisini kumsemea? Mimi kule sirudi tena na sambusa

09:58 Hamisi: Tusubiri kwanza wajibu

10:15 Fatu Muheza: Kwani imekuaje jamani ndo nashika simu

10:31 Salma: Idrisa babu anauliza umekula nini tangu jana

10:32 Shangazi Mwanaidi: Mjibu babu yako

10:58 Salma: Tiki moja tu jamani haijamfikia