Tuzo ya mchezaji bora wa msimu klabuni kwetu: viongozi waweke kura hadharani, la sivyo waibadilishe jina

Wakuu, poleni na majukumu. Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Klabu yetu hapa Mbeya, ambayo sitaitaja kwa jina kwa kuwa wahusika watajitambua wenyewe, imemtangaza mchezaji wake bora wa msimu, na aliyetangazwa ni mshambuliaji aliyesajiliwa dirisha dogo, ambaye mzunguko wote wa kwanza alikuwa akivaa jezi ya timu nyingine. Sina ugomvi na kijana huyo, maana amefunga mabao mazuri na hakujikabidhi tuzo mwenyewe. Ugomvi wangu ni na uongozi uliobuni utaratibu wa kura ambao mwenye salio kubwa ndiye mwenye sauti.

Kwa wasiofahamu, kura zilipigwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Kila ujumbe ulikatwa pesa, na namba moja iliruhusiwa kutuma mara nyingi kadiri mwenye simu alivyopenda. Siku za mwisho za upigaji kura, vijana kadhaa pale Kabwe walirushiwa salio na mtu wa karibu na mchezaji huyo, wakaelekezwa namba ya kutuma na jina la kuandika. Mmoja wao alinionyesha simu yake bila hata kuona aibu: jumbe za kuthibitisha kura zilikuwa zimepangana kuanzia juu ya kioo hadi chini, zote za mchezaji yule yule, zote za mchana mmoja. Nilipomuuliza kama aliwahi kumwona akicheza, alijibu kwamba huwa hafiki uwanjani.

Wakati huohuo, namba sita wetu, yaani kiungo mkabaji, aliyeanza karibu kila mechi tangu ligi ilipofunguliwa, hakutajwa hata katika tatu bora. Waliokuwapo uwanja wa Sokoine kwenye ile mechi ya masika wanajua ninachokisema. Mpira ulikwama kwenye dimbwi mbele ya lango letu, kipa alikwishatoka, mshambuliaji wao amebakiza hatua mbili, na huyu bwana akateleza kwa ubavu akautoa kwa ncha ya kiatu. Aliinuka akiwa na tope hadi kwenye nyusi, na kabla hajajifuta alikuwa ameanza kuwapanga mabeki kwa ajili ya kona. Tulitoka na pointi yetu siku hiyo, lakini kwenye takwimu zilizobandikwa kwenye kurasa za klabu hakuna mahali jambo hilo lilipoandikwa, kwa sababu wanaoziandaa wanahesabu mabao na pasi za mwisho tu.

Najua watatokea watu wa kuniambia kwamba mpira ni mabao. Mwaka 2024 Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora duniani, ilikwenda kwa Rodri, kiungo mkabaji, huku washambuliaji wenye mabao mengi kuliko yeye wakibaki nyuma yake. Na tusiende mbali: Mbwana Samatta alipotwaa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara kwa mwaka 2015, ile iliyotolewa Abuja mwezi Januari 2016, aliyemfuata alikuwa kipa, Robert Kidiaba, mwenzake wa TP Mazembe. Tunajua pia kwamba Samatta alipata pointi 127 na Kidiaba 88, kwa sababu matokeo yalitangazwa kwa idadi na si kwa jina la mshindi peke yake. Sisi tumetangaziwa jina tu. Hatujui mshindi alipata kura ngapi, wa pili alikuwa nani, wala fedha zilizokatwa kwenye jumbe hizo zimeingia mfuko gani.

Msemaji wa klabu amejibu kwamba mashabiki ndio walioamua na kwamba uamuzi wao uheshimiwe. Jibu hilo linakwepa hoja. Tuzo ya mashabiki ni jambo jema na klabu kubwa duniani zinayo. Manchester United, kwa mfano, wana tuzo ya Sir Matt Busby inayopigiwa kura na mashabiki, na pembeni yake wana tuzo nyingine ambayo wachezaji wenyewe humchagua mwenzao. Kila moja ina jina lake, hivyo hakuna anayedanganywa. Kwetu benchi la ufundi halikuulizwa, nahodha hakuulizwa, wachezaji wanaofanya mazoezi na kusafiri pamoja hawakuulizwa, kisha ngao ikaandikwa "Mchezaji Bora wa Msimu" kana kwamba klabu nzima imekaa ikajadili. (Baadhi ya waliopiga makofi ukumbini, huku mfano wa hundi mkubwa kama mlango ukizungushwa mbele ya kamera, wanadai posho zao hadi leo. Hilo nitalifungulia uzi wake.)

Ninachodai si kumnyang'anya kijana ngao yake. Uongozi utoe idadi ya kura za kila mchezaji na mapato ya jumbe hizo. Kuanzia msimu ujao, namba moja ya simu ihesabiwe kura moja, vigezo viandikwe kabla ya ligi kuanza, ikiwemo idadi ya chini ya mechi ambazo mchezaji anapaswa kuwa amecheza, na benchi la ufundi pamoja na wachezaji wapewe sehemu yao ya kura. Kama hayo yanawashinda, basi waiite tuzo ya kura za simu na tutaacha kulalamika.

Barua yenye madai haya nimeikabidhi kwa katibu na nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wanachama hai wanaokubaliana nami, wa Mwanjelwa, Uyole, Mafiat na kwingineko, waniandikie faragha ili majina yao yaambatanishwe kabla ajenda za mkutano mkuu hazijafungwa. Wanaonipinga waje na hesabu ya kura hapa hapa, maana matusi hayatajibu swali la fedha.