Kifungu cha 27: maneno yaliyofutwa 2016 yamerudi na miaka 10 jela!

Wakuu, kifungu hiki cha unyanyasaji mtandaoni, katika sheria ya uhalifu wa mtandaoni Kenya, kinatia hasira, hasa kwa kuwa mahakama ilishalimaliza suala hili.

Aprili 2016, katika kesi ya Geoffrey Andare, Jaji Mumbi Ngugi alifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Kiliharamisha ujumbe wa kuchukiza mno bila kusema kuchukiza ni nini wala nani anapima. Adhabu: sh. 50,000 au miezi 3. Bunge likafanya nini? 2018 likayaokota maneno yale yale, likayapachika kwenye kifungu cha 27(1)(c) cha sheria hii ya uhalifu wa mtandaoni, na adhabu ikapaa hadi sh. milioni 20 au miaka 10, au vyote viwili. Hiyo ni dharau!

Aya (a), ya kumtia mtu hofu ya kudhuriwa au kuharibiwa mali, ibaki. Wanawake wanaotishwa mitandaoni wanaihitaji, na kifungu hicho hicho kinamruhusu mwathiriwa kuomba amri ya kumzuia mtesaji.

Sumu iko (b): mawasiliano yanayomwathiri mtu vibaya. Mbunge anayeanikwa kwa kula pesa za basari si ameathirika vibaya? Kifungu hakisemi popote kwamba ukweli ni utetezi. Na si lazima umwandikie yeye. Kumwandikia anayemjua kunatosha. Oktoba 2025 wakaongezea ujumbe unaoweza kumfanya mtu ajiue, Jaji Lawrence Mugambi akaisimamisha nyongeza hiyo kwa muda ndani ya siku chache.

Ukishtakiwa, wakili adai hati ya mashtaka itaje aya gani na maneno gani hasa. Picha za skrini zisizo na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi (kinachothibitisha ushahidi wa kielektroniki ulivyopatikana) zipingwe palepale. Simu ikichukuliwa, ulizeni kibali cha mahakama cha kifungu cha 48 cha sheria hii ya uhalifu wa mtandaoni. Msimngoje hakimu afute kifungu, hana mamlaka hayo: ombi liende Mahakama Kuu chini ya Ibara ya 165(3)(d) ya Katiba, likiambatana na ombi la kusimamisha kesi ya jinai. Vinginevyo mtu anaendelea kupanda kizimbani huku hoja ya Katiba haijasikilizwa.

Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta kifungu cha 25 cha sheria yao ya matumizi mabaya ya kompyuta, kilichoharamisha mawasiliano ya kuudhi, Januari 2023. Wabunge wetu waondoe (b) na (c) wenyewe, bila kungoja kuburutwa kortini tena.