Naomba ushauri: ndoano za hereni zinawasha wateja masikio

Habari zenu wapendwa. Natengeneza hereni za shanga nyumbani, hapa Mbagala, zile ndefu zenye nyuzi zinazoning'inia. Shanga zenyewe hazina tatizo, na wateja wanazipenda. Tatizo ni ndoano, kile kiwaya cha kupita kwenye tundu la sikio. Nanunua Kariakoo zile za rangi ya dhahabu za bei nafuu. Zikipata jasho zinapauka, zinaacha ukijani, na baadhi ya wateja masikio yanawawasha mpaka yanatoa majimaji. Inaniuma sana, mtu kakuamini halafu anaondoka na kidonda.

Nimezipaka rangi ya kucha ile ya maji, inabanduka upesi. Najua wengi wanaowashwa hivi wanadhuriwa na nikeli, madini yanayochanganywa kwenye ndoano za bei nafuu, na kwamba stenlesi ni afadhali. Ila kila muuzaji anasema zake ni stenlesi! Sumaku nayo hainisaidii, maana ndoano isiyonasa kwenye sumaku inaweza kuwa stenlesi, lakini hata shaba hainasi.

Kwa mnaofanya kazi hii: ndoano za stenlesi za kweli mnazitambuaje kabla ya kulipa, na Dar zinapatikana wapi kwa jumla? Na mteja anayewashwa hata na stenlesi, mnamwekea nini?