Losatani kwa msuli wa nyuma ya paja uliochanika: kuna mwenye uelewa?

winga_wa_Pongwe

Habari zenu wakuu. Nina miaka 37, nacheza winga ya kulia timu ya maveterani huku Tanga. Msuli wa nyuma ya paja umenichanika mara ya tatu sasa, mahali palepale. Mara ya kwanza niliusikia kabisa, kama mkanda wa ndala umekatika. Leo ni siku ya 9. Nikipitisha kidole gumba, kama shubiri moja juu ya goti, nakuta kigumu mfano wa kokwa la embe changa, na pembeni yake nyama ni laini tu.

Nimesoma kwamba msuli ukichanika mwili unatoa protini ya kupeleka ishara, TGF-beta1, na ndiyo inayojenga kovu ndani ya msuli. Tena kwamba losatani, hii hii dawa ya presha, inaipunguza nguvu. Mama anayo, vidonge vya miligramu 50. Presha yangu mimi ni 110 kwa 70. Je, nimeze nusu kidonge wiki mbili? Kwa sasa natumia diklofenaki, dawa ya maumivu, na kuna mzee ananichua kila jioni.

dada_wa_viungo

Pole sana kaka. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na mapaja kama lako nayaona kila wiki. Usimeze. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu ulichosoma si uongo.

Pembeni ya nyuzi za msuli kuna seli za akiba. Msuli ukichanika zinaamka, zinaongezeka, zinaungana kuwa nyuzi mpya. TGF-beta1 inazichelewesha zisikomae, na wakati huohuo inazihimiza seli nyingine zimwage kolajeni, protini ya nyuzi ngumu inayojenga kovu. Pengo linazibwa haraka, ila kwa kovu. Losatani haiigusi protini yenyewe. Inaziba mahali angiotensini, homoni inayopandisha presha, inaposhika, na ishara ya TGF-beta1 ikapungua. Kwenye panya imeonekana waziwazi: kovu dogo, nyuzi mpya nyingi. Tena wakati wa kuanza una maana: walioanzishiwa siku ya 3 au ya 7 walifanya vizuri kuliko walioanzishiwa papo hapo, maana zile siku za mwanzo mwili unahitaji uvimbe wake ili kuondoa nyama iliyokufa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka utulie. Mwaka 2014 watafiti wa jeshi la Marekani walichapisha kazi ya panya waliokatwa kipande kizima cha msuli. Losatani ilipunguza kovu kama ilivyotarajiwa, lakini nguvu ya mguu ikarudi kidogo kuliko kwa wasiopewa. Pale nyama ilipokosekana, kovu lilikuwa limeshika pande mbili zivutane. Ukiliondoa bila kuweka msuli mahali pake, umebaki na shimo. Nilipoisoma niliacha kuwaambia wagonjwa kwamba kovu ni adui.

Na presha ya 110 kwa 70 unaishusha iende wapi? Utasimama kutoka kwenye benchi ukione kizunguzungu. Diklofenaki na losatani kwa pamoja, mwili umekauka kwa jasho la jua la Tanga, zinaumiza figo. Potasiamu, madini ya kwenye damu, nayo hupanda.

Kuhusu kuchuliwa: mwambie mzee aache leo, kwa heshima. Kigumu cha siku 9 huenda ni damu iliyoganda, si kovu. Ikikandwa kwa nguvu inaweza hata kugeuka mfupa ndani ya msuli. Nenda upigwe ultrasaundi kwanza.

mfugaji_Muheza

Mimi ni wa ng'ombe, ila naona wengine watakuja kuuliza miostatini. Hiyo ni protini nyingine ya ishara, inazuia msuli usikue kupita kiasi, iligunduliwa mwaka 1997. Ng'ombe wa Belgian Blue wana hitilafu kwenye jeni yake, ndiyo maana wana manyama yale. Lakini kuzaa ni shida, wengi wanapasuliwa. Nikimwona ng'ombe yule namhurumia. Wachezaji mjue pia kwamba dawa za kuizuia zimepigwa marufuku michezoni.

winga_wa_Pongwe

Dada nashukuru mno. Vidonge vya mama nimevirudisha kwenye kopo lake. Ultrasaundi ni Alhamisi. Mpaka hapo nilale tu?

dada_wa_viungo

Hapana, kulala kunakurudisha nyuma. Huko Denmark waligawa wanamichezo wa ridhaa 50 wenye misuli iliyochanika: wengine walianza mazoezi siku ya 2, wengine siku ya 9. Wa kwanza walirudi uwanjani kwa siku kama 63, wa pili siku 83. Hakuna kidonge.

Leo tembea hatua fupi, mguu ukiuma unapunguza mwendo. Lala chali, kunja goti, kanyaga kisigino kwenye mkeka, ukaze bila kuusogeza mguu, uhesabu mpaka kumi. Maumivu yasizidi yale ya kuminya jipu dogo. Ukiweza kukimbia polepole bila kuchechemea, ndipo uanze lile zoezi la kupiga magoti: mwenzako anakushika vifundo vya miguu kwa uzito wake wote, wewe unateremka mbele taratibu, mgongo umenyooka, mpaka nyuma ya paja ishindwe, halafu unajipokea kwa mikono. Wanaolifanya hupunguza kuchanika kwa karibu nusu. Kunja mkeka mara mbili chini ya magoti. Na Alhamisi ukipata majibu, andika hapa ukubwa wa hilo pengo kwa sentimita, tujue tunaanzia wapi.