Filimbi ya bati ya bei chee: niikate, niirefushe au ninunue nyingine?

Kaole_Kijana: Wakuu, salaam. Nina filimbi ya bati, ile ya matundu sita. Kikundi chetu hapa Bagamoyo kina onyesho Ijumaa ijayo, na ki yangu (sauti ya msingi ya filimbi) haikubaliani na ya mwimbaji. Niikate, niitengenezee bomba lingine, au ninunue nyingine?

FundiTupa: Maelezo nusu, mkuu. Yako ni ki gani, mwimbaji anataka ki gani? Kichwa kinachomoka? Hapa hatupigi ramli.

Kaole_Kijana: Samahani. Ni ya kampuni ya Generation, ki ya D, kichwa cha plastiki. Mwimbaji yuko C.

FundiTupa: Basi kukata futa kabisa, kukata kunapandisha sauti na wewe unashuka toni nzima. Chovya kichwa kwenye maji ya moto (yasichemke), gundi itaachia. Tafuta bomba jembamba la kipenyo kilekile, refu kuliko la sasa kwa kama sentimita 3 na nusu. Pima kutoka dirisha la kichwa (ule mwanya sauti inapotokea) hadi kila tundu, zidisha kwa 1.12. Toboa tundu dogo, kisha lipanue kwa tupa taratibu. Likipanuka sauti inapanda. Ukipitiliza, ziba ukingo kwa selotepu.

BintiNgamiani: Kwa nini asivute tu kichwa nje kidogo?

FundiTupa: Dada, hiyo ni ya kurekebisha robo toni. Ukivuta sana, matundu ya juu yanashuka kuliko ya chini, sauti ya filimbi nzima inapotoka.

Chuda_Mkongwe: Msikilizeni mzee mwenzenu. Mimi nilitaka kupandisha D yangu nusu toni tu, iwe E-flati, harusi ya mpwa wangu hapa Tanga. Nikachukua msumeno wa chuma usiku, nikakata sentimita moja na nusu mwishoni, nikasafisha kwa msasa, nikajisifu. Kuziba matundu yote: E-flati safi! Kufungua tundu la kwanza kutoka chini: E ileile ya jana. Do na re zimebanana kama abiria wa daladala, na kuanzia pale juu hakuna kilichosogea. Kumbe kila tundu lina urefu wake, mwisho wa bomba unaitawala sauti ya chini tu. Harusini nikapiga makofi. Nunua ya C, mwanangu.

BintiNgamiani: Kwani huo wimbo hauwezi kwenda G? Filimbi ya D inapiga ki ya G bila kukatwa: noti ya C inayohitajika humo unaipata kwa kuacha tundu la juu wazi na kuziba mawili yanayofuata.

Kaole_Kijana: Nilimwambia apande. Amekataa, na yeye ndiye mwenye vyombo.

Chuda_Mkongwe: Ahaa. Hapo tatizo si filimbi.

ZumariLaPwani: Mnahangaika na bati. Ngoma zetu zilipigwa kwa zumari, hakuna aliyeuliza C wala D.

FundiTupa: Zumari ina ulimi, mzee, hii inapulizwa kama firimbi ya refa. Vitu viwili.

ZumariLaPwani: Refa! Ndiyo maana naikwepa.

Kaole_Kijana: Nimepata kipande cha antena kuukuu ya TV, kinaingia kwenye kichwa ila kinacheza kidogo.

FundiTupa: Zungushia selotepu kikaze. Umeshapima matundu?

BintiNgamiani: Na hiyo antena umeitoa paa la nani?