Naomba ushauri: foleni ya SUMO (programu ya kuiga trafiki) inatoka fupi kuliko ya barabarani

Wakuu, nina modeli ya makutano manne yenye taa: hatua ya sekunde 1, Krauss (kanuni ya gari kufuata la mbele), tau 1.0 (nafasi ya sekunde ambayo dereva huacha mbele), sigma 0.5 (kutokuwa makini kwa dereva). Idadi ya magari kwa saa inakubali, GEH (kipimo cha tofauti kati ya hesabu za modeli na za barabarani) iko chini ya 5 kwenye zaidi ya asilimia 85 ya vipande vya barabara. Foleni ndiyo inagoma. Kuhamisha magari yaliyokwama nimekuzima kwa -1, maana kuyahamisha baada ya sekunde 300 za kawaida huficha msongamano.

Nashuku mahitaji: hesabu zilichukuliwa baada ya taa, kwa hiyo zinaonyesha magari yaliyopita tu, si yaliyotaka kupita. Nihesabu upya nyuma ya mkia wa foleni, au nipandishe tau kwanza? Na magari yanayosubiri nje ya mtandao wa modeli ili yaingie mnayajumlishaje kwenye ucheleweshaji?