Baba wa mjukuu wangu amerudi, anataka kumchukua. Naombeni ushauri

BibiMzaaMama: Habari zenu wapendwa. Mimi na mzee tuko Mbagala, tunamlea mjukuu wetu, yuko darasa la kwanza. Binti yetu alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Baba mtu hakumuoa marehemu wala hajawahi kuleta matumizi. Sasa ameoa, yuko Mwanza, kapiga simu kwamba shule zikifungwa anakuja kumchukua moja kwa moja. Mtoto ana pumu. Usiku kifua kikianza kulia, mimi ndiye naamka kumpa inhela, na baba yake hata hajui kama anaumwa. Sikatai, ni damu yake. Ila sisi tuna haki gani mahakamani? Mzee anasema tumfiche Rufiji kwa ndugu.

Mpigania_Watoto: Shikamoo bibi, pole sana. Msimfiche, nawaomba! Hakimu akisikia hilo litawaharibia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu ndugu anayemlea mtoto kuomba mahakamani akabidhiwe malezi, siyo wazazi peke yao. Ila baba yu hai, naye atasikilizwa. Msiende kumsema ubaya tu, elezeni mtoto anaishije, anatibiwa wapi, amezoea nani. Mahakama inaangalia maslahi ya mtoto kwanza.

KijanaWaKeko: Kwetu tuliita kikao cha pande zote mbili, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mtoto kabaki kwa bibi, likizo anakwenda kwa baba.

Mpigania_Watoto: Ni vizuri, na karatasi hiyo ni ushahidi. Lakini siyo amri ya mahakama, baba akibadili mawazo mnaanza upya.

MamaUstawi: Mama yangu, anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa Manispaa ya Temeke, kabla baba hajafika. Shauri likifunguliwa, mahakama huagiza taarifa ya ustawi. Afisa anakuja nyumbani, anaona mtoto analala wapi, anaongea na mwalimu, na mtoto mwenyewe pia anasikilizwa. Beba cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mama yake, barua ya serikali ya mtaa na risiti za shule. Hapo hapo Temeke kuna Kituo Jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia mashauri ya familia. Wakili akiwashinda bei, waoneni WLAC au TAWLA, wana msaada wa kisheria.

BibiMzaaMama: Asanteni sana wanangu. Tukipewa malezi, baba ndiyo kanyang'anywa mtoto? Hilo nalo silitaki.

MamaUstawi: Hapana mama. Kuasili, yaani kumfanya mtoto awe wenu kabisa kisheria, ndiko kunakokata haki za mzazi, na ninyi hamuombi hivyo. Anabaki baba, anaweza kupangiwa siku za kumuona, na mnaweza kuomba aamriwe kutoa matunzo.

BibiMzaaMama: Nimemsomea mzee yote, habari ya Rufiji ameiacha. Jumatatu tunakwenda Manispaa.

MamaUstawi: Bebeni na kadi ya hospitali, hiyo pumu iandikwe kwenye faili siku hiyo hiyo.